Simu gani, laini gani, na kwa nini tulilikataa jina "Shoga Yangu"

Tulipoweka meza yetu ya huduma karibu na kivuko cha Likoni, kina mama watatu walitujia na bahasha ya noti. Chama chao kina wanachama kumi na wawili, na kazi yao ni mapishi. Asubuhi wanauza mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai, na harusi ikitokea wanapika biriani la watu mia tatu. Pesa zote zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mweka hazina, zikichanganyika na karo ya wanawe na hela za matumizi ya nyumbani. Mwisho wa mwezi hesabu haisomeki, na minong'ono ilikuwa imeanza. Mweka hazina mwenyewe alituambia: "Mwanangu, sijala hata shilingi moja ya wenzangu, lakini sina karatasi ya kuwaonyesha."

Walikuja na maswali matatu. Tununue simu gani ya chama? Tuchukue laini ya nani? Na biashara tuiandikishe kwa jina gani?

Mawili ya kwanza tuliyajibu kwa nusu saa. La tatu lilituchukua wiki tatu, na kosa lilikuwa letu. Leo tunayaeleza yote matatu, kwa sababu tunajua wateja wetu wengi wanauliza hayohayo, hata kama hawapiki biriani.

Simu: anza na kazi yake

Ukiingia dukani bila kujua simu utaifanyia nini, utauziwa kamera. Muuzaji atakuhesabia megapikseli mpaka usahau ulichofuata. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, andika kazi za simu hiyo. Kina mama wetu waliandika nne: kupokea malipo, kusoma taarifa ya pesa zilizoingia na kutoka, kupiga picha za chakula za kutuma kwa WhatsApp, na kupigiwa na wateja.

Kama kazi yako ni ile ya kwanza tu, huhitaji simu janja. Mulika mwizi inatosha. Huduma za pesa za kupiga nyota na reli hazihitaji bando wala intaneti, ujumbe wa malipo unaingia kama SMS ya kawaida, na betri inakaa siku kadhaa. Tunajua wafanyabiashara wanaoweka simu janja mfukoni na mulika mwizi kwenye kaunta kwa ajili ya malipo, na wako sawa kabisa.

Ukihitaji simu janja, linganisha mambo haya kabla ya rangi na kamera.

Nafasi ya kuhifadhi. Picha na video za magrupu ya WhatsApp hujaza simu ndogo haraka sana. Simu ya Android ikijaa kabisa inaweza kukataa kupokea SMS mpya. Mteja anakuonyesha kwake kwamba amelipa, kwako hakuna kitu, mnaanza kugombana. Mara nyingi tatizo si mtandao, ni simu iliyoshiba. Kati ya simu mbili za bei moja, chukua yenye nafasi kubwa.

Masasisho ya usalama. Fungua mipangilio, tafuta taarifa kuhusu simu, kisha uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, mlango wako wa pesa una komeo la zamani. Programu nyingine za benki hukataa kabisa kufanya kazi kwenye simu zilizopitwa na wakati.

Kizazi cha mtandao. Simu ya 5G inavutia, lakini uliza kama kuna 5G unapolala na unapouza. Kwa kupokea malipo na kutuma picha, 4G inatosha. Usilipe elfu kadhaa zaidi kwa kasi ambayo mtaa wako haina.

Laini mbili. Karibu simu zote zinazouzwa hapa kwetu zina nafasi ya laini mbili. Kwa mfanyabiashara hilo ni jambo la lazima, na tutaeleza sababu hapo chini.

Halafu kuna bei. Leo unaweza kupata simu janja mpya kwa chini ya elfu kumi, zikiwemo zile za Neon zinazounganishwa hapa nchini kwenye kiwanda cha Athi River kilichofunguliwa Oktoba 2023. Wengi pia wananunua kwa malipo ya kidogo kidogo. Safaricom ilipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa simu za 4G, amana ilikuwa shilingi 1,000 na malipo shilingi 20 kwa siku. Tangu hapo mipango imekuwa mingi, ya kampuni nyingi, na si yote yenye bei ya kirafiki. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme simu ni 9,000 ukilipa taslimu. Unaambiwa utoe amana ya 2,000 halafu "hamsini tu" kwa siku, mwaka mmoja. Hamsini mara siku 365 ni 18,250. Jumlisha amana, umefika 20,250. Umenunua simu mbili na zaidi, na mkononi unayo moja. Tena ukichelewa kulipa, simu inaweza kujifunga, na kwa mtu anayepokea malipo kwa simu hiyo, kufungwa simu ni kufungwa duka.

Chama chetu kilikuwa na pesa kwenye bahasha. Wakanunua taslimu.

Ukinunua ya mkono wa pili, bonyeza *#06# mbele ya muuzaji. Itatokea namba ya utambulisho ya simu, inayoitwa IMEI. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na risiti. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ukiwa unamtazama, la sivyo simu inaweza kukudai nywila yake baadaye. Wanaokumbuka mwaka 2012 wanajua: Septemba ilipoisha, simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa nchini, na kuna watu walioamka na simu ambayo haiwezi hata kupiga.

Laini: jaribu mahali unapouza

Swali la "mtandao gani ni bora?" lina jibu tofauti kwa kila kibanda. Safaricom, Airtel, Telkom, Equitel na Faiba kila moja ina mahali inapong'aa na mahali inapokohoa. Ramani ya matangazo haikusaidii kama kibanda chako kiko nyuma ya jengo la ghorofa tano. Omba jirani akuazime laini, iweke kwenye simu yako, keti nayo siku nzima unapouzia. Jaribu asubuhi, jaribu jioni watu wanapotoka kazini. Hicho ndicho kipimo.

Kisha jiulize haya.

Wateja wako wanalipa kwa nini? Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Wakenya wengi wamezoea njia hiyo, na si rahisi kumgeuza mteja mwenye njaa aliyesimama mbele ya karai. Lakini tangu Aprili 2018 mitandao imefungua njia ya kutumiana pesa moja kwa moja kutoka pochi ya Safaricom hadi ya Airtel na kinyume chake. Kwa hiyo huhitaji kumfukuza mteja wa mtandao mwingine. Angalia tu ada yake kabla.

Wakala wako wapi? Bando la bei nafuu halikusaidii kama wakala wa karibu wa kutoa pesa yuko vituo viwili vya matatu kutoka kwako.

Simu yako inaikubali laini hiyo? Hili hasa ni kwa Faiba. Mtandao wake ulijengwa juu ya 4G, kwa hiyo simu isiyoweza kupiga sauti juu ya 4G itakupa intaneti lakini si simu ya kawaida. Uliza kabla ya kulipa.

Hapo ndipo laini mbili zinapofaa. Wafanyabiashara wengi tunaowahudumia wana laini moja ya pesa na simu, na ya pili ya bando. Si usaliti kwa mtandao wowote, ni hesabu tu.

Na kama unataka kuhama mtandao bila kupoteza namba, unaweza. Huduma hiyo ipo Kenya tangu Aprili 2011. Kumbuka jambo moja: namba unahama nayo, pochi huhami nayo. Toa au tuma salio lako lote kwanza, lipa madeni ya kredo uliyokopa, ndipo uombe kuhama. Na kwa sababu watu wanahama na namba zao, tarakimu za mwanzo hazikuambii tena kwa uhakika mtu yuko mtandao gani. Soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza kutuma.

Soma jina. Hapo ndipo tunafika kwenye swali la tatu.

Jina likakataliwa

Kina mama walitaka tili ya chama iitwe "Shoga Yangu". Wakajaza fomu, wakaacha nakala za vitambulisho, wakarudi kupika. Baada ya siku mbili mweka hazina akapokea ujumbe kutoka kwetu kwamba ombi limekataliwa kwa sababu jina lina "lugha isiyofaa". Hakuna maelezo zaidi. Akajaribu tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu akapanda feri akaja ofisini na mwenyekiti wake, mama wa miaka sitini na kitu, amejifunga leso mbili na amenuna.

"Mwanangu," mwenyekiti alimwambia kijana wetu wa kaunta, "nimeitwa shoga tangu sijavunja ungo. Mashoga zangu ndio walionipamba siku ya harusi yangu, ndio walionikanda nilipojifungua. Leo kompyuta yenu inaniambia nimetukana?"

Kijana wetu ni wa Nakuru. Alikosa la kusema. Kwake neno hilo lina maana moja tu, ile ya mtaani: kumtaja mwanamume anayependa wanaume wenzake, na mara nyingi kwa kumdharau. Kwenye orodha yetu ya maneno yaliyozuiwa, lilikuwa limewekwa kwa maana hiyo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwanamke wa Pwani. Kwake yeye, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, rafiki wa kufa na kuzikana. Neno hilo limo kwenye salamu zake, kwenye taarabu anayosikiliza, kwenye utani wa barazani.

Wakati huohuo biashara haikusubiri. Harusi mbili zilipita katika hizo wiki tatu. Malipo yakaendelea kuingia kwenye simu ya mweka hazina, hesabu ikazidi kuchafuka, na mama mmoja akatishia kujitoa chamani. Sisi tulikuwa tumezuia neno. Kumbe tulichozuia hasa ni karatasi ambayo mweka hazina alihitaji ili wenzake wamwamini.

Wakubwa pia walijikwaa

Tulipokaa chini kulitafakari, tukakuta kwamba tatizo hili ni kongwe na limewapata wenye pesa nyingi kutuliko.

Nokia walipozindua simu zao za Lumia mwaka 2011, Wahispania walicheka. Katika lugha yao lumia ni neno la zamani la mtaani la mwanamke anayeuza mwili. Nokia hawakubadilisha jina. Simu ziliuzwa Hispania kama Lumia, na watu wakalizoea. Mitsubishi wao walichukua njia nyingine. Gari tunalolijua hapa kama Pajero linaitwa Montero huko Hispania na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, kwa sababu pajero kwa Kihispania cha mtaani ni tusi la aibu ambalo hatuliandiki hapa. Mwaka huohuo wa 2011, iPhone 4S ilikuja na msaidizi wa sauti aitwaye Siri. Mjapani akilisikia jina hilo linamkaribia sana neno lake la makalio. Sisi Waswahili tukalisikia na kushangaa kwa sababu nyingine: mashine inayosikiliza maneno yako mfukoni, nao wakaipa jina la Siri.

Na kuhusu mashine zinazozuia maneno, kisa kinachojulikana zaidi ni cha Scunthorpe, mji wa Uingereza. Mwaka 1996 wakazi wake walishindwa kufungua akaunti kwa kampuni ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazofuatana zinazounda tusi la Kiingereza. Kompyuta haikuona mji, iliona herufi nne. Karibu miaka thelathini imepita, na sisi tukarudia kosa lilelile Likoni.

Neno halikai mahali pamoja

Ukianza kuhesabu maneno ya namna hii utachoka. Mtu anayesoma Chuo Kikuu cha Malaya kule Kuala Lumpur anataja jina la chuo kinachoheshimika, na kwa Kitagalogi cha Ufilipino malaya maana yake ni huru. Kwa Mturuki, mavi ni rangi ya buluu, na kuna kampuni ya nguo za jinsi yenye jina hilo. Kwa Muganda, ssenga ni shangazi, dada ya baba, mtu wa heshima kubwa anayemfunda binti kabla ya ndoa; Mkenya asiyejua anasikia karibu na tusi. Hata baina yetu wenyewe: mwambie Mtanzania umekuja na bibi yako, atatafuta ajuza wa kumwamkia shikamoo, kumbe wewe Mkenya umekuja na mkeo.

Maneno pia yanachafuka na kutakata kwa wakati. Madoadoa ni alama za rangi kwenye kitambaa au ngozi ya chui, na kwekwe ni magugu shambani. Lakini kwa sababu yalitumika kuwataja majirani kana kwamba ni uchafu wa kuondolewa, Tume ya Uwiano na Utangamano iliyaweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022. Na si bure. Watu walioishi Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 2007 wanajua maneno hayo yalitangulia nini. Lakini mwenye duka la pembejeo Kitale bado anauza dawa ya kwekwe. Je, tumzuie kuandika anachouza?

Na kinyume chake pia hutokea. "Hustler" kwa Kiingereza cha kale ni laghai. Mwaka 2022 likawa neno la fahari hapa kwetu, mpaka mfuko wa mikopo wa serikali ukapewa jina hilo mwezi Novemba. Hata "simu janja" yenyewe, ukifikiria: mtu akikuita janja, utamshukuru?

Kwa hiyo orodha ya maneno peke yake haiwezi kuamua. Ni lazima mtu aulize: nani amesema, kwa nani, na mbele ya nani?

Wezi wana adabu

Kuna jambo moja lililotuuma zaidi. Tulipitia malalamiko ya wateja wetu waliotapeliwa, tukasoma ujumbe waliotumiwa. Hatukupata tusi hata moja. Tapeli ni mtu wa heshima zake. Anaandika "samahani mama", "tafadhali nirudishie, nimekosea namba", "Mungu akubariki", "hongera, umeshinda". Anakuita mpendwa mteja. Anakuomba kwa upole namba yako ya siri ili "akusaidie".

Chujio letu lilikuwa linamsimamisha mama wa biriani mlangoni na kumpisha mwizi kwa sababu amesema hodi vizuri. Hilo lilitufanya tubadilishe kazi ya wale waliokuwa wakitunza orodha ya matusi. Sasa sehemu kubwa ya muda wao inakwenda kuangalia ujumbe wa utapeli, na orodha ya maneno imefupishwa sana. Jina la biashara likishikwa na kompyuta, haliwezi kukataliwa mpaka lisomwe na watu wawili, na angalau mmoja awe anaijua lugha ya sehemu ile. Jina la mtu lililo kwenye kitambulisho halizuiwi kamwe, hata likisikika vipi kwa lugha ya jirani. Babu aliyempa mjukuu wake jina hakuwa anamtukana.

Na wewe mteja, chukua somo hilohilo. Usiupime ujumbe wa pesa kwa utamu wa maneno. Salio likidaiwa kuingia, angalia salio lako mwenyewe, si SMS. Mtu akisema amekosea kutuma, mwambie apigie kampuni, kuna utaratibu wa kurudisha. Na namba yako ya siri hatutakuuliza, hata kwa adabu.

Sasa, uliepuke neno au usiliepuke?

Turudi kwenye swali lenyewe. Kama una neno lisilo na hatia ambalo kwa masikio ya wengine linaweza kusikika vibaya, ufanyeje? Hatuna kanuni moja, lakini tuna maswali manne tunayowauliza wateja wetu.

Neno hilo litasomwa na nani? Jina la grupu lenu la WhatsApp linasomwa na ninyi. Jina la tili linatokea kwenye simu ya kila anayelipa, na pengine kwenye simu hiyo kuna mwingine anayesoma.

Je, linaweza kumletea mtu mwingine matatizo? Kucheka si tatizo. Kugombana nyumbani ni tatizo.

Limewahi kutumika kumuumiza mtu au kabila? Kama ndiyo, kwamba wewe hukukusudia vibaya si sababu ya kutosha. Mwenye kidonda ndiye anayejua kinapouma.

Na mwisho, ukiliacha unapoteza nini? Kama hupotezi kitu, chagua lingine uendelee na kazi. Kama ni jina lako, au ni neno mlilokua nalo, lishike, na utafute njia ya kumsaidia msomaji alielewe.

Angalia pia kibodi ya simu. Simu nyingi zinakuja zikisahihisha maneno kwa Kiingereza, na zinaweza kugeuza Kiswahili chako kuwa kitu ambacho hukuandika. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi uongeze Kiswahili, au uzime kusahihisha. Ni dakika mbili, na zinaweza kukuokoa na ujumbe wa ajabu kwa mama mkwe.

Walivyoamua

Tuliwaita kina mama tukawaomba msamaha. Tukawaambia jina lao limekubaliwa kama lilivyo. Tulidhani hapo mambo yameisha, lakini mweka hazina akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria.

"Sasa mwanamume wa bara akila viazi vyangu akalipa, simu yake itaandika umelipa shilingi 150 kwa Shoga Yangu. Akifika nyumbani mkewe akaisoma, itakuwaje?"

Wote wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha wakanyamaza, kwa sababu hilo lilikuwa swali la kweli. Mmoja akasema wabadilishe kabisa, waite "Likoni Ladies Catering" wamalize. Mwenyekiti akakataa. Alisema neno ni lao, aliyelichafua ndiye alioshe, na hawezi kuacha jina la urafiki wao kwa kuogopa watu wasiomjua. Lakini pia alisema hataki nyumba ya mtu ivunjike kwa sababu ya viazi karai.

Wakakubaliana kuongeza neno moja. Tili inaitwa "Shoga Yangu Mapishi". Anayelijua neno analifurahia, na asiyelijua anaona ni chakula.

Siku hiyohiyo tuliwafungulia tili kwenye simu mpya ya chama, laini ya pili ikiwekewa bando. Mweka hazina alituomba tumfundishe jambo moja tu kabla hajaondoka, namna ya kutoa taarifa ya mwezi mzima na kuituma kwenye grupu lao. Akafanya mara tatu mbele yetu ili asisahau, kisha akakimbilia feri.

Ikiwa jina lako au la biashara yako limewahi kukataliwa nasi, usijaribu tena na tena kama alivyofanya yeye. Pigia huduma kwa wateja au fika dukani kwetu, uliza lisomwe upya, na utueleze neno hilo lina maana gani kwenu. Safari hii kuna mtu atakayesikiliza.